Mrudishie Bibi Makunyanzi Yake

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima. Kazi zako mbili za darasani, picha ya bibi yako uliyoisafisha kwa kompyuta na lile neno la herufi tupu, zimefika tangu juzi. Sikukujibu siku ileile kwa sababu picha ya bibi yako ilinikera, na sikupenda kukuandikia nikiwa bado nimekereka.

Nilimwonyesha mwenyewe. Akaisogeza karibu na macho, akaiweka mbali, kisha akauliza, "Binti huyu wa nani?"

Makunyanzi yote umeyafuta. Mashavu yamekuwa ya msichana, macho yamebaki ya mwanamke aliyezika mume na kulea wajukuu, na shingo umeisahau kabisa, kwa hiyo uzee wote umehamia huko. Najua ulivyofikia hapo. Ile brashi ya kuondoa madoa ni tamu mkononi. Unaanza na kidoa kimoja, unahamia kwa jirani yake, ukija kushtuka uso mzima umepigwa pasi.

Nakuambia hivi kwa kuwa kazi hiyo nimeifanya kabla hujazaliwa, ndani ya chumba cha giza, chini ya taa nyekundu, mikono ikinuka dawa. Umeniandikia kwamba huelewi kwa nini kifaa cha kung'arisha kwenye Photoshop, hiyo programu yako ya kuhariri picha, kina alama ya kijiti chenye duara, na cha kutia giza kina alama ya mkono uliokunjwa. Kile kijiti nilikuwa nacho! Waya mwembamba, mwishoni kipande cha kadi. Mwanga hushuka kupitia negativu, ile filamu ambayo nyeupe ni nyeusi na nyeusi ni nyeupe, na kila sekunde inayopita huzidisha weusi utakaotokea karatasi ikiingia kwenye dawa. Nikitaka uso ung'ae, nilipitisha kadi juu yake kwa sekunde mbili tatu, nikiitikisatikisa ili isiache mpaka. Nikitaka anga liwe zito, nilikunja kiganja nikaacha mwanga upenye kwenye tundu dogo tu. Thomas Knoll, aliyeitunga Photoshop pamoja na nduguye John, alijifunza kazi hii katika chumba cha giza cha baba yao nyumbani. Programu ilitoka mwaka 1990, na baadaye vifaa vyetu vikaingia humo na sura zao.

Kitu kimoja sisi hatukuwa nacho: kurudi nyuma. Tulisafisha sura kwa penseli iliyochongwa kama sindano, moja kwa moja juu ya negativu, na wakati mwingine kwa wembe. Siku moja mkono wangu uliteleza, nikamkwangua bwana harusi sikio. Negativu ya picha ile nzuri ilikuwa hiyo moja. Mpaka leo kuna nyumba yenye picha ya harusi ambayo bwana harusi ametazama pembeni kwa namna ya ajabu, maana ilibidi tutumie picha nyingine iliyobaki.

Wewe una leya, yaani tabaka za picha zinazolaliana, ambazo Photoshop yenyewe ilizipata mwaka 1994 tu. Basi zitumie. Nakili picha kwenye leya mpya, fanya usafi wako hapo juu, kisha punguza nguvu ya leya hiyo mpaka bibi yako aanze kurudi. Chunusi ya wiki hii iondoe; mkunjo wa miaka arobaini uache. Mahali ulipozidisha, usifute, ficha kwa maski: ukipaka nyeusi leya inajificha, ukipaka nyeupe inarudi. Na kabla hujagusa ngozi yake, tazama dirisha lililo nyuma yake. Ndilo linalovuta jicho, limeungua kwa mwanga. Sehemu iliyofika 255, kipimo cha juu kabisa, kwenye rangi zote tatu (nyekundu, kijani na buluu) ni nyeupe tupu, hakuna kilichobaki cha kuokoa, ila kingo zake unaweza kuzitia giza kidogo ili tumwone yeye kwanza.

Halafu usihifadhi JPEG, lile faili la picha lililobanwa, juu ya JPEG. Kila mara inapobanwa upya inapoteza kitu. Na kama mtachapisha, ile yenye upana wa pikseli 800 haitoshi: kwa pikseli 300 kila inchi itatoka chini ya sentimita saba.

Sasa lile neno lako. Mwalimu kawapa sharti zuri sana: herufi peke yake, bila mchoro, neno lijieleze. Ukachagua ANGUKA, ukaweka rangi ya moto, kivuli, fonti tatu, na A ya mwisho umeilaza chali. Mwanangu, hiyo A iliyolala nadhani nusu ya darasa wanayo. Ni wazo la kwanza, na wazo la kwanza huja kwa kila mtu. Kama mwenzako amechagua KIMYA, naapa ameiandika kwa herufi ndogo katikati ya ukurasa mweupe.

Shida ya "anguka" ni kwamba halisemi umeangukia wapi. Lugha yetu inasema. Majini ni chubwi, matopeni tapwi, mchangani tifu, sakafuni pu. Hizo ndizo tanakali ulizokuwa ukizikariri shuleni kwa kununa, na mtu aliyezitunga alikuwa amekwisha kukufanyia nusu ya kazi. Itazame "chubwi": herufi zizamishe moja baada ya moja chini ya mstari, nukta ya i ibaki juu kama povu. "Pu" inataka wino mzito na ukurasa mtupu pande zote. Au chukua ile methali, chururu si ndo ndo ndo. Neno moja liandike bila kuinua kalamu, lile jingine lote ni nafasi. Ukizipanua nafasi tone linachelewa, ukizibana bomba limefunguka. Huhitaji rangi hata moja.

Mwaka 1965 Herb Lubalin, msanifu wa Marekani, aliandika neno la Kiingereza la mama, Mother, akatia alama ya & ndani ya O, na ndani ya alama hiyo akaweka neno Child, yaani mtoto, dogo, limejikunja tumboni. Hakuchora mtu. Mimi nililitazama nikakukumbuka ulivyokuwa ukinipiga mateke.

Zima kompyuta kwanza. Chora matoleo ishirini kwa penseli, mabaya yakiwemo. Usione aibu mbele ya karatasi. Ukishahamia kwenye fonti, moja inatosha, na angalia nafasi kati ya herufi kwa macho yako. A ikikaa karibu na V kompyuta inaweza kuacha pengo la kupita mbuzi.

Nitumie faili la picha likiwa na leya zake zote, nataka kuona ulichokificha. Bibi yako anakusalimu, na anasema umrudishie na kile kidoa cha kidevuni, ni chake tangu kuzaliwa.

Mama yako