Dakika 25 Baada Yako

Mbeya,
12 Julai 2025.

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Barua yako imenifika salama, nami nimeisoma mara mbili: kwanza mlangoni, koti likiwa bado mwilini, kisha usiku watoto wa jirani walipokwisha kulala na mtaa umetulia. Umeniuliza, kwa upole wako wa siku zote, kama dini yangu haijalegea katika mji ambao Waislamu ni wachache na nyumbani kwangu adhana haisikiki. Nilitaka kukujibu kwa maneno machache ya kukutuliza moyo, lakini swali lako linastahili zaidi ya hayo, kwa sababu mengi tuliyoyakariri pamoja chuoni, katika madrasa yetu, tukiwa wadogo, bila ya kuyahitaji, nimeanza kuyaelewa huku ugenini.

Unaukumbuka mlango wa kupangusa khufu kwa maji wakati wa udhu badala ya kuosha miguu? Tuliusoma kwa sauti huku jasho likitutiririka, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ni nani avaaye soksi za ngozi Mombasa. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kama ninavyowafundisha wanafunzi wangu, kila upandapo mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi zipatazo 6 na nusu. Mwezi huu alfajiri huwa chini ya nyuzi 10, na maji ya bomba huingia hadi kwenye mifupa. Kwa hiyo nakuomba unitafutie jozi moja ya khufu za ngozi, kwani soksi zangu za sufu hazitimizi masharti ya madhehebu yetu. Msafiri ameruhusiwa kuzipangusa siku tatu, na mkaazi usiku mmoja na mchana wake. Nilipoketi kujihesabia siku hizo ndipo nilipotambua kwamba kwa hukumu ya sheria mimi si msafiri tena hapa, na nilikaa kitako kwa muda mrefu nikilifikiria neno hilo, mkaazi.

Nyakati za swala nazo nimelazimika kuzishika kwa mikono yangu mwenyewe. Kwetu tulipewa wakati na muadhini, tulinyanyuka tu. Hapa nilisimika ufito katika uwanja wa shule, na wanafunzi wa kidato cha pili wakawa wanapima kivuli chake kila baada ya robo saa, wakidhani ni somo la longitudo peke yake, na kweli lilikuwa somo la longitudo, ila mimi nilikuwa pia nikiitafuta Alasiri yangu. Mombasa iko karibu na nyuzi 40 Mashariki na Mbeya iko kati ya 33 na 34, ilhali nchi zetu zote mbili zinafuata saa moja. Tofauti ni zaidi kidogo ya nyuzi 6, na kila nyuzi ni dakika 4 za jua. Hata mswala nimeugeuza: kwetu tunaelekea kaskazini karibu kamili, na hapa naelekea kaskazini kwa kuinamia mashariki nyuzi kama 12, na mbele yangu uko Mlima Loleza.

Sasa utaelewa kwa nini Ramadhani iliyopita ulipokuwa ukinipigia simu baada ya kufungua, nilikuwa nikikujibu kwa sauti kavu. Wewe ulikwisha kunywa maji, nami nilikuwa na dakika 25 mbele yangu kabla jua halijatua huku. Hukujua, nami sikukwambia, kwa kuwa kupitia simu yako nilikuwa nikiusikia mtaa wetu wote: milango, vikombe, na watoto wakikimbilia msikitini na sahani za kaimati.

Lililonigusa zaidi lilitokea Mei. Jirani yangu, mama wa Kinyakyusa aliyezaliwa Tukuyu na muumini wa Kanisa la Moraviani, alibisha hodi mapema asubuhi akiwa na jogoo wawili na kisu. Alikuwa akiwatarajia wakwe wa binti yake, na baadhi yao walikuwa Waislamu kutoka Kyela. Huku ni desturi ya miaka mingi kwamba, penye wageni wa dini mbalimbali, achinjaye ni Mwislamu, ili asiwepo mtu atakayeona haya kula. Mzee wa mtaa ambaye humchinjia siku zote alikuwa safarini. Akasema, “Mwalimu, nimeona nije kwako.”

Somo, mikono ilinitetemeka. Kwetu tumekua tukiona kuku akipelekwa kwa mwanamume, hata awe kijana mdogo apitaye njiani, huku mama zetu wakisubiri na sufuria. Lakini nilikumbuka hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, ya kijakazi wa Kaab bin Malik aliyemchinja kondoo kwa jiwe alipomwona anakaribia kufa, na Mtume (s.a.w.) akaruhusu aliwe. Nilikinoa kisu mahali ambapo jogoo hawakioni, nikamwomba jirani amshike wa pili nyuma ya nyumba, nikaelekea kibla, nikataja jina la Mwenyezi Mungu na kuchinja. Jirani alisimama kimya, kichwa ameinamisha, mpaka nilipomaliza. Kisha akasema “Ndaga fijo,” yaani asante sana, nami nikaingia ndani nikalia kidogo, si kwa huzuni. Mchana aliniketisha pamoja na wakwe zake, akanipakulia wali wa mchele wa Kyela na ndizi, na kuwaeleza wote kwamba nyama ile wasiwe na shaka nayo, kwa maana imechinjwa na mwalimu.

Shuleni pia nimepata wema. Kwa kuwa nyama ya nguruwe inapendwa sana hapa, mpishi aliniwekea sufuria na mwiko wangu peke yangu, bila ya mimi kuomba.

Hata hivyo sitakuficha kitu. Siku ya Idi niliswali mjini pamoja na wanawake wasionijua, tukapeana mikono, kila mmoja akaenda kwao, na niliporudi nyumbani sikujua la kufanya na nguo yangu mpya. Nilijaribu kupika mbaazi za nazi, lakini nazi inayofika hapa imesafiri siku nyingi na tui lake halikuwa na ladha ya kwetu. Siku hiyo nilikuwa mgeni, hata kama sheria yaniita mkaazi.

Nisalimie mama yako, mwambie shikamoo yangu imepanda milima yote ya njiani, na umwombe dua kwa ajili yangu. Khufu ni saizi ya 38. Na Ramadhani ijayo, Mwenyezi Mungu akitufikisha, usibadilishe saa ya kunipigia. Piga pale pale muadhini wenu anapoanza, kisha uiache simu wazi juu ya mkeka na uendelee kula. Mimi nitakuwa dirishani, nikilitazama jua likishuka upande wa Mbalizi.

Akupendaye,
Somo yako.