Mbwa mstaafu si mlinzi wa geti

Mhariri,

Kila yanapozuka mazungumzo kuhusu mbwa wa jeshi au polisi wanaofikia umri wa kustaafu, wenye nyumba mpya za Iyumbu, Nzuguni na Ihumwa hapa Dodoma huuliza swali moja tu: nitampataje aje kunilindia nyumba? Swali limekaa kombo. Mbwa hawa hupumzishwa mara nyingi wakiwa na miaka minane hadi kumi, nyonga na kiuno vikiwa vimechoka. Anayeburuza kucha za nyuma na kusita kuruka garini hatamtisha mwizi. Mwenye nguvu bado ni hatari zaidi, maana amefundishwa kuuma kwa amri, na nyumbani kwako hakuna anayeijua amri ya kumwachisha.

Marekani iliacha maelfu ya mbwa wake Vietnam, na ni sheria ya mwaka 2000 iliyowafungulia raia mlango wa kuwachukua wanaostaafu. Hata hivyo hawatolewi ovyo: hupimwa afya na tabia kwanza.

Hapo kwenye tabia ndipo tungependa vyombo vyetu vikaze. Mbwa avalishwe kifunga mdomo, mtu apite mbio mbele yake, mwingine anyanyue mkono kama anayetaka kupiga. Anayekimbia na mkono ulioinuliwa ndivyo hutumika kumfundisha kushambulia, na watoto wa mtaani hufanya vyote viwili kila jioni. Akiruka, asitolewe kwa raia. Akitulia, wiki mbili za mwanzo akae uani penye uzio, alishwe na mtu mmoja, wageni wasimshike. Kumfunga mnyororo kutwa kunamwongezea ukali.

Kingine ni joto la Dodoma. Banda la mabati lisilo na dari, mwezi wa kumi, ni tanuri. Bora kivuli cha mti na ndoo ya maji. Matembezi yawe alfajiri au baada ya magharibi. Joto la mwili wake kwa kawaida ni nyuzi 38 hadi 39. Likifika 41, mwagie maji ya kawaida tumboni na mapajani, mpepee, kisha mkimbize kwa daktari wa mifugo, wala usisubiri apoe kabisa.

Maumivu ya viungo ndiyo huwaponza wengi. Mtu anaona mbwa anachechemea, anampa diklofenaki yake mwenyewe. Dawa hiyo humtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo. Vilevile dawa ya kuogeshea ng'ombe haifai kumpaka mbwa kwa kukisia, hata kama kupe ni walewale wa zizini. Chakula nacho kipungue, kwa kuwa kazi imepungua: ukipapasa mbavu usizisikie, amenenepa, na nyonga ndiyo itakayobeba.

Mbwa aje na karatasi inayosema umri, uzito, tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa, majeraha aliyowahi kupata, kazi aliyofanya, na amri zake zote kwa lugha aliyofundishwa, kwani wengi wanaonunuliwa Ulaya huelewa Kiholanzi au Kijerumani. Mpira aliokuwa akizawadiwa kazini nao uje naye. Usioshwe, ubaki na harufu anayoijua.

Mtaalamu wa mifugo,
Kisasa, Dodoma