Picha tano hazijavuka, nitazamie kwako

Shoga yangu, asalaam aleykum, za Dar, watoto wazima? Sie huku Wete tupo, mama anakusalimu sana, masika ndo yashatushika. Nimekaa kimya toka Idi, nisamehe, kuna jambo limenikaa rohoni.

Ile kompyuta ya dukani kwa kaka tulokuwa tukiwekea picha za tovuti yetu ishajaa, halafu hadi diski imeanza kulia, ukitega sikio unaisikia tik tik tik. Nikaingia khofu, nikaamua picha zote nizihamishie klaudi, yaani kompyuta za kukodi mtandaoni, S3 ya Amazon, nikachagua Cape Town maana huko walifungua kituo 2020 na ndo kwao kwa Afrika. Siku nne usiku na mchana, umeme ukikatika naanza tena, bahati ile amri ya sync huziruka zilokwishafika.

Nafungua tovuti, hakuna picha hata moja! Kumbe toka 2023 baketi jipya, ile ghala ya kuwekea faili huko S3, linakuja limefungwa kwa watu mpaka ulifungue mwenyewe. Nikafungua, zikaja nusu. Hapo nilikesha, kumbe kwenye databezi, ile orodha tovuti inayosoma majina ya picha, tumeandika harusi.jpg na faili lenyewe ni HARUSI.JPG, Windows ilikuwa haijali herufi kubwa wala ndogo lakini kule hayo majina mawili mbalimbali. Nikaandika skripti, programu fupi tu, ikasawazisha majina yote, alhamdulillah.

Sasa nahesabu. Huku 18,214, kule 18,209. Nikahesabu tena, vilevile. Tano diski imekataa katakata kuzisoma, na moja ni ile ya marehemu bibi na babu kwenye ngazi kule Mkoani, bibi kajiziba mdomo kwa kanga anaficha kicheko, unaikumbuka? Siku tulipoiskani ukingo ulikuwa ushaliwa na mchwa, na karatasi yenyewe sasa haipo tena. Kaka ananambia tano katika elfu kumi na nane si kitu, mie siwezi shoga, watu walitoa picha ukutani kwao wakatupa mkononi, halafu leo niwaambie nini?

Ndo nakuandikia. Wewe ulikopi folda yote Ramadhani ya mwaka juzi kwenye ile hadi diski yako nyeusi ya nje. Nitafutie hizo tano, majina nakutumia WhatsApp. Hii ya huku nishaizima, kila nikiiwasha naona inazidi kuharibika.

Kuna na habari ya bili, wale wanatoza hata picha ikitoka kwenda kutazamwa, itabidi za kuonesha tuzipunguze ukubwa, lakini hilo tutazungumza.

Diski bado unayo? Mama Nasra kakurudishia au ingali kwake? Ulikopi kabla hatujaenda Mkoani au baada? Hebu niambie kweli, maana kama ni kabla basi ya bibi haimo. Na unakuja lini? Kama kuna mtu anataka kuiformati umzuie, nakuomba wallahi, nitazamie leo leo.