Karafuu tunaijua bei tu

Ndugu Mhariri, huku Wete karafuu zikianikwa kwenye majamvi mtaa mzima unanukia, ila muulize mtu faida yake atakwambia bei ya kilo basi. Kumbe kwa gramu 100 karafuu inaongoza kwa polifenoli, kama miligramu 15,000, zile kemikali za mimea zinazoipa chai ukakasi. Sawa, punje tatu za kwenye pilau ni kidogo mno, ndo maana Ufaransa walipopima watu wao wakakuta kahawa iko mbele, na polifenoli zote kwa jumla wastani miligramu 1,193 kwa mtu kwa siku. Sisi je? Chai ya rangi, kahawa ya barazani, kunde, maembe, nani kavipima? Wizara ya Afya tunaomba utafiti wetu wenyewe, Unguja na Pemba, na mashamba msiyasahau jamani.

Msomaji, Wete