Waelezaji wa sayansi, fikeni mitaani

Mhariri,

Binti yangu wa gredi ya saba alikuwa amekariri tu kwamba setilaiti yetu, Taifa-1, ilirushwa Aprili 15, 2023. Juzi mtangazaji mmoja wa vipindi vya sayansi alifika shuleni kwao, akafunga jiwe kwa kamba, akalizungusha, akaeleza kwa Kiswahili kwa nini setilaiti haianguki. Tangu siku hiyo sipumui kwa maswali yake, nami nashukuru mno.

Nawasihi wanahabari na watafiti wetu: mikutano ya hotelini imetosha. Njooni Kayole, Mukuru, Kariobangi. Waacheni watoto wazungushe jiwe wenyewe. Na wakiwauliza jambo msilolijua, semeni hamjui, kisha mlitafute pamoja nao.

Mzazi,
Kayole, Nairobi