Bogenvilia na haibiskasi hazimwagiliwi sawa

Habari za asubuhi ndugu zangu. Tangu mvua zikatike, wengi wa Shangani na Mikindani hapa Mtwara mnaniuliza mbona bogenvilia imejaa majani matupu. Ni maji mengi na kivuli. Iwekeni kwenye jua la kutwa, na msubiri udongo ukauke ndipo mmwagilie. Kiu kidogo ndiyo inayoita maua. (Ile rangi yenyewe ni majani maalumu yanayozunguka ua, ua ni lile jeupe dogo la katikati.) Haibiskasi haivumilii hivyo. Mchanga wetu haushiki maji, na ikikauka inadondosha vitumba. Changanyeni samadi iliyooza, tandazeni majani makavu chini, mwagilieni asubuhi. Jana nimegeuza jani la yangu nikakuta wadudu weupe kama pamba, nikawaosha kwa maji ya sabuni. Tafadhali kagueni zenu leo.