Kwa somo yangu wa Toronto

Nkuhungu, Dodoma
Alhamisi, 10 Julai 2025

Somo yangu,

Mbukwa! Najua umeitika kwa sauti hapo ulipo, na wazungu wamegeuka kukutazama. Sisi wazima. Mama yako nilimwona Jumapili baada ya ibada. Hela amepata, goti linamsumbua kwa sababu ya baridi, ila ulimi uko palepale. Kaniuliza kama bado nakesha na ule mpira wa fimbo. Nikamwambia ndiyo mama, na mwanao ndiye aliyeniponza.

Kipupwe cha mwaka huu kimekuja na upepo wa kung'oa bati. Unga hauumuki. Naukanda mapema, naufunika blanketi la mtoto, nausogeza karibu na jiko lenye makaa ya jioni, na bado saa nane usiku nikifunua naukuta umenuna vilevile. Basi nakaa hapo, simu nimeiegemeza kwenye dumu la mafuta, nangoja unga na nangoja Kunguru. Ndiyo, Kunguru. Hilo ndilo jina ambalo vijana wa kijiweni waliwapa Blue Jays, timu ya besiboli ya huko kwenu, tangu walipoona kofia uliyonitumia. Niliwaeleza kwamba yule ni ndege mwingine, wakaniuliza: kunguru akipakwa bluu ataacha wizi?

Wewe ulinionea huruma eti mechi zenu za saa moja jioni zinaanza huku saa nane na dakika saba usiku. Somo, hakuna mchezo ulioumbwa kwa ajili ya mkaanga maandazi kama besiboli. Saa nane nabandika karai, mrushaji naye anarusha wa kwanza. Timu zikibadilishana, mimi nageuza maandazi. Inapokaribia saa kumi na moja ndoo imejaa na matokeo yamepatikana, natoka kwenda kijiweni na vyote viwili vikiwa vya moto. Mpira wa miguu haukupi nafasi hiyo. Ukiinama kuokota mwiko, goli limeshaingia.

Lakini nikukiri jambo ambalo sikukuambia. Mwezi wa tano nilikuwa nimeshachoka nao. Mei ikikaribia kwisha walikuwa nyuma ya Yankees wa New York kwa mechi 8, na wamefungwa zaidi ya walivyoshinda. Santander, yule waliyemsaini kwa dola milioni 92 na nusu, bega likamtoa. Scherzer, mzee mzima wa miaka 40, alirusha mechi moja tu mwezi wa tatu, kidole gumba kikamgomea, hakuonekana tena mpaka mwishoni mwa Juni. Nikawa najiuliza hii ni timu au wodi. Kofia niliirudisha kwenye msumari nyuma ya mlango, nikawa naangalia matokeo asubuhi tu, kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa wa jirani.

Scherzer alirudi tarehe 25 Juni. Huku hakuna aliyejua, maana ndiyo siku Yanga walipomfunga Simba 2-0 wakabeba ubingwa, na Dodoma nzima ilikuwa barabarani, nusu wakipiga honi na nusu wakitafuta njia za uchochoroni. Kesho yake alfajiri akaja yule boda mrefu, Simba wa kufa na kuzikana. Akakaa kwenye benchi langu bila kusalimia. Akanywa chai. Halafu akauliza polepole, "Mama, hao Kunguru wako wana mtani?"

Nikamwambia wanaye, anaitwa Yankees, wa New York, ana hela na ana makombe 27.

"Basi mimi ni Kunguru."

Ndivyo tulivyopata mshabiki wa kwanza, somo. Kwa hasira za mahali pengine.

Na bahati yake ilikuwa kubwa kuliko yangu, kwa sababu siku chache baadaye, 30 Juni, huyo mtani akaja mjini kwenu kwa mechi nne. Hapo kijiwe kizima kilinikodolea macho. Nne? Mfululizo? Uwanja uleule? Mmoja akauliza, "Kwa hiyo mtani anakufunga Jumatatu, anakwenda kulala, anaamka anakufunga tena Jumanne?" Nikasema ndiyo, au wewe unamfunga yeye. Wakakubaliana kwamba watu wa huko wana roho ngumu. Simba na Yanga wakikutanishwa siku nne mfululizo, hospitali zote zingejaa.

Ya kwanza tukashinda 5-4. Ya pili ilikuwa sikukuu ya Kanada, ikachezwa mchana kwenu, huku saa nne usiku, kwa hiyo vijana watatu walikuja hadi kibarazani kwangu wakaisikiliza na mimi. Wewe ulikuwa kazini kwa wazee unaowahudumia, sijui kama uliona alichofanya Springer. Mwaka jana watu walishamsomea hitima yule. Vituo vyote vilikuwa na watu, akaupiga ukaenda jukwaani, mbio nne, ndiyo magoli yao, kwa mpigo mmoja. Kabla ya hapo alishapiga au baadaye akapiga tena, nimechanganya, maana kibarazani hapakusikika kitu. Siku hiyo yeye peke yake alileta saba. Tukashinda 12-5. Mpangaji wa chumba cha nyuma akatoka kuuliza nani kafariki.

Ya tatu ndiyo iliyoniunguzia. Kunguru walianza kwa kumimina mvua ya mbio, nikajua imekwisha, nikatulia na kazi zangu. Nikichungulia tena, Yankees wanalipa. Nikichungulia tena, wanalipa. Ikafika 9-9, zamu za mwisho, mimi nimeshika simu kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, na karai zima la maandazi linageuka makaa nyuma yangu. Tukashinda 11-9. Nikahesabu maandazi thelathini na mawili yaliyoungua, kwa shilingi mia mbili mia mbili utapiga mwenyewe. Yule boda wa Simba akanunua manne yaliyoungua na kuyala yote mbele yangu, akasema yana ladha ya ushindi. Muongo mkubwa.

Ya nne 8-5, na mtani akafungasha. Tangu timu yetu izaliwe ilikuwa haijawahi kumfagia Yankees mechi nne nyumbani. Na juu ya hapo wakakaa kileleni mwa kundi lao, wao walioburuta mkia mwaka jana.

Sasa vijana wanataka kujua siri. Wengi wanadhani ni Guerrero, yule wa dola milioni 500 kwa miaka 14. Jumamosi walikaa wakapiga hesabu ya hela hiyo ni pikipiki ngapi. Tukaweka Boxer moja kwa milioni tatu za kwetu, ikaja zaidi ya laki nne. Kimya kikatanda, somo. Mmoja akasema Dodoma haina watu wa kuzipanda zote.

Mimi nawaambia wasitazame huko. Hata Mei huyo wa milioni 500 alikuwepo na tulikuwa tunafungwa. Watazame Lauer, ambaye mwaka jana alikuwa anarusha Korea, akachukuliwa kwa mkataba wa timu ya chini, hakuna aliyempigia ngoma, na leo anawanyamazisha watu. Watazame Clement na Barger na Lukes, majina ambayo hata kuyatamka nilikuwa najikwaa. Na jambo moja ambalo kwa namba ninazoziona kwenye simu nimeligundua mwenyewe, usicheke: hawa hawakosi mpira. Timu nyingine wanapiga fimbo hewani wakitafuta jukwaa, sisi tunaugusa tu, unadondoka mahali, mtu anakimbia, aliyeko mbele anasukumwa. Hakuna timu ambayo wapigaji wake wanatolewa kwa kukosa mara chache kama hii. Nikikuwazia wewe kwenye rede pale shuleni, hukuwa na mbio, hukuwa na nguvu, lakini kukupata ilikuwa shughuli. Unakwepa, unajaza mchanga kidogo, unakwepa, unajaza kidogo, mpaka warushaji wanaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe. Chupa inajaa hakuna aliyeona.

Walishinda kumi mfululizo. Na jana, wapi? Chicago, kwa White Sox! Timu iliyofungwa mechi 121 mwaka jana ndiyo iliyotukata. Asubuhi hii yule wa Simba alishataka kocha Schneider afukuzwe. Kazi ninayo. Amezoea ligi ya mechi 30, ambapo bingwa akifungwa mara tatu nne kocha anaanza kufunga mabegi. Nikamwambia hawa wanacheza 162, na hata bingwa hufungwa mara sitini na kitu, atazimia mara ngapi? Akaniangalia kama nimemtukana. "Mara sitini, halafu unaitwa bingwa?" Sidhani amenielewa, na mimi mwenyewe ilinichukua mwaka.

Kuna linalonikera lakini, na ndilo hasa lililonifanya nikae niandike badala ya kukutumia sauti. Wamekuwa wengi. Juma lililopita walikuwa watatu, leo nimehesabu tisa. Kabla sijatua ndoo wanauliza, na wasiponunua wanauliza vilevile. Mmoja, yule mwenye pikipiki ya mkopo, aliwaweka Kunguru kwenye mkeka wake wa kubeti jana kwa sababu "Mama amesema hawafungiki." Sijawahi kusema hivyo. Mkeka umechanika, hela ya mafuta na ya tajiri wake imekwenda, na leo kapita hapa bila kunisalimia. Mimi nauza maandazi, siuzi utabiri. Nimeumia, somo, kuliko hata walivyofungwa. Tulipokuwa tunafungwa, mimi na wewe tu tulijua, na hakuna aliyepoteza hata shilingi. Nimeamua kesho nikifika nitasema matokeo kwa anayeuliza, basi, sifa zote naacha nyumbani. Na huyo kijana nitampelekea chai mwenyewe.

Ukiniuliza kama watafika mbali, nitakwambia warushaji wa mwanzo ninawaamini, wa kumalizia wananipandisha presha. Kombe lao la mwisho ni la 1993, mimi na wewe bado tunanyonya. Sitaki kusema zaidi.

Nina ombi. Miaka mitano uko huko na uwanja hujaingia, unasema kazi, unasema tiketi. Yankees wanarudi kwenu tarehe 21 mwezi huu. Omba ruhusa usiku mmoja. Panda kule juu kabisa kwa bei nafuu, vaa koti. Usinipigie simu katikati ya mechi maana nitakuwa na karai, na unajua yaliyotokea. Nenda tu ukae. Simu yangu inanionyesha vitone na namba, nani kapiga, nani katoka. Haisemi uwanja unanuka nini, wala watu wanafanya nini mpira ukiwa angani. Na lile paa lao linalofunguka, kwenye simu halionekani kabisa. Miezi yote hii sijui kama nawaangalia chini ya nyota au ndani ya nyumba.

Ukienda, niandikie lilikuwa wazi au limefungwa.

Somo yako